Koti la Marehemu Leonardi

Msumari ndio uliomnyima Bertilla raha. Chai haikushuka, na mara tatu alitoka nje ya nyumba yake ya Chanji kulikagua bomba la kunyunyizia dawa ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Msumari wenyewe haukuwa hata wake. Ulikuwa Kasense, nje ya mji, ukutani mwa chumba cha marehemu Leonardi, ambako jana yake alikwenda kuua vijidudu vya kipindupindu.

Kazi hiyo aliianza mwaka uleule, mvua za Elinino zilipoleta maradhi. Kabla yake alikuwa mfagizi wa wodi miaka kumi na minne, mpaka serikali ikatangaza inapunguza watu, naye akapunguzwa kama chumvi iliyozidi mchuzini. Wenzake wakaenda kuuza mitumba, yeye akanunua bomba la mgongoni, gambuti na klorini ya unga. Nyumba iliyotoa mgonjwa, mgahawa uliofungwa na bwana afya, gesti iliyokimbiwa na wageni, kote aliitwa yeye. Walimpa jina la Mama Klorini, wengine kwa heshima, wengine wameziba pua.

Sharti lake lilikuwa moja: kila kilichomgusa mgonjwa kitoke nje, kilowekwe au kichomwe. Jana vilitoka godoro, mablanketi, suruali mbili na kanga za mjane, Silvana. Bertilla akaloweka, akanyunyiza, akaandika cheti kwamba nyumba ni salama. Ila juu ya kitanda aliona msumari mtupu, na chini yake ukuta safi, upana wa mabega ya mtu, pale moshi usipofika. Aliuona. Lakini gesti moja mjini ilikuwa inamsubiri, akajisemea hayo si yangu, akaondoka.

Leo ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Na katika ukoo ule matanga hayaondolewi mpaka mdogo wa marehemu avishwe vazi la kaka yake, achukue jina. Kwa baridi ya Ufipa, mwanamume hutundika nini juu ya kitanda chake kama si koti?

Bertilla alikiacha kikombe mezani, akavaa bomba mgongoni, akashika njia ya Kasense kwa miguu, upepo ukimpiga kifuani, yeye akiutukana.

Uani watu walikuwa wachache, maana bwana afya alikwisha kataza chakula cha msibani. Silvana alisimama.

"Umesahau kitu, Mama Klorini?"

"Nimesahau koti."

"Koti lipi?"

"La msumarini. Usinikazie macho, mdogo wangu. Mimi nimefagia wodi, wanaoficha nawajua kuliko wanaougua."

Silvana akatupa jicho kwenye kihenge cha mahindi. Kifuniko kilikuwa wazi. Kumbe lilishatolewa: Urbano, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama kati ya wazee wawili, mkono mmoja tayari ndani ya koti jeusi la sufu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Vua."

Mzee mmoja akakohoa. "Mwanamke anatoka mjini kuja kumvua mwanamume mbele ya wakwe zake?"

"Ndiyo, baba. Na mkinichelewesha nitamvua mwenyewe." Akamgeukia Silvana. "Mumeo alipopelekwa hospitali kwa baiskeli, alifunikwa nini?"

"Hilo," alisema Silvana. "Lakini nilifuta, nikalianika. Dawa yako nimeona ilivyozifanya kanga zangu. Sina kingine chake kizima humu ndani. Ningekupa na hilo ulile?"

Bertilla alilitua bomba chini.

"Msumari niliuona jana," alisema. "Nikaupita kwa haraka zangu. Kosa tugawane. Likitoka na madoa, shemeji yako atavaa koti lenye madoa. Likibaki hivyo, keshokutwa mtamvua yeye mumvike nani?"

Urbano akatoa mkono kwenye koti, akalitupa mwenyewe ndani ya pipa la maji ya dawa. Bertilla akamnawisha kwa sabuni hadi viwikoni, kisha kwa dawa. Koti lilitoka na mabaka kama kanga wa porini. Silvana alililia kimya kimya, na jioni likiwa bado bichi, Urbano akavishwa.

"Ugonjwa huu hujificha hadi siku tano," Bertilla aliwaambia. "Maji yachemke. Nitakuja kumtazama."

Akaja kila asubuhi, chai yake ikipoa Chanji. Urbano alisimama kwenye ua, akatanua mikono: "Bado nipo, Mama Klorini." Siku ya tatu hakuwepo. Bertilla alikimbia na gambuti zake mpaka nyuma ya nyumba, akamkuta anatoka chooni.

"Mara ya ngapi tangu usiku?"

"Mama, hata hilo?"

"Hata hilo."

"Ya kwanza."

Bertilla akakaa chini palepale penye umande, akajifanya anafunga kamba za gambuti, ambazo hazina kamba.

Siku ya sita Urbano alimfuata Chanji kwa baiskeli, amevaa mabaka yake, mkononi kile cheti cha nyumba. Bertilla alikichana bila kukisoma. Akaandika kingine: nyumba ni salama, na koti.

Kisha akanywa chai. Kwa kusimama, lakini ikiwa moto.