Sufuria Iliyokwenda Kiirua

Mpaka leo nikiulizwa Karwirwa ni mtu wa namna gani, hasira hunipanda kabla sijajibu. Si hasira juu yake. Ni juu ya wenzangu, na juu yangu mwenyewe.

Tulikuwa nyumba tano, mume na mke, walimu na wafanyabiashara wa Makutano na jirani zake. Tangu mwaka wa 1978, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa yetu. Tulipanda pikapu ya Riungu, mume wa Karwirwa, tukaenda mtoni, au Mikinduri kwa wazazi wangu, na mara moja hadi Embu mtoto wa Njagi na Wanjira alipobatizwa. Wanaume walichoma mbuzi. Sisi tuliponda mukimo wa viazi, mahindi na mboga katika sufuria kubwa ambayo Riungu aliinunua kwa ajili ya kundi, akaandika jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu.

Karwirwa alifundisha darasa la tatu, na hakuwahi kuliacha darasa hilo shuleni. Kabla pikapu haijaondoka alisimama nyuma yake akatuhesabu kwa kidole, watu wazima wenye ndevu, mpaka afike kumi. Tulimcheka sana. Siku moja alifika tisa. Marete, mume wangu, alikuwa amelazwa na shibe ya nyama kando ya mto, na wengine wakasema atajua njia. Karwirwa alikataa katakata. Alimfuata mwenyewe, akamwamsha, akamrudisha akipepesuka kwa usingizi.

Riungu alifariki mwezi wa Machi, 1994. Tulimzika vizuri, hilo nakubali, na kwa wiki mbili sisi wanawake tulilala kwa Karwirwa kwa zamu. Kisha Jumamosi zikaanza kumpita. Mara tumesahau kumpitia, mara gari la Kiogora limejaa. Gari gani hilo lililojaa na mtu mmoja amepungua? Ciakuthii, mke wa Kiogora, alisema waziwazi kwamba mjane hakai vizuri katikati ya waume za watu. Huyo ndiye Ciakuthii ambaye Karwirwa alimfulia nepi za watoto watatu, kila alipojifungua.

Agosti ya mwaka uliofuata, Kiogora na Ciakuthii walitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Sherehe ingekuwa nyumbani kwao Kiirua. Niliuliza kuhusu Karwirwa.

"Mama Mwendwa, hiyo ni siku ya mtu na bibi yake," Kiogora akanijibu. "Mwalimu atakaa na nani? Tutamkumbusha mzee bure."

Nani alimwambia kwamba Karwirwa anataka kumsahau mumewe? Lakini sikuuliza hivyo. Na kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na yake, wakanipa kazi ya kwenda kuiomba sufuria. Mwenyewe hatakiwi, sufuria yake inatakiwa. Na mimi nikaenda.

Nilimkuta akisahihisha madaftari. Aliuliza ni ya sherehe gani, nikasema ni ya akina mama wa kanisa. Uongo ulinitoka laini, bila hata kukwama. Aliitoa sufuria, akaiosha upya ingawa ilikuwa safi, akaipangusa kwa leso mpaka jina la Riungu likaonekana vizuri. Aliuliza tunaondoka saa ngapi kesho. Nikamwambia saa nne asubuhi.

Huko Kiirua viti vilikuwa vimepangwa viwili viwili na kufungwa utepe mweupe. Mukimo ulikuwa mbaya, umejaa maji, kwa sababu hakuna mwingine zaidi ya Karwirwa aliyejua vipimo vya sufuria ile. Tulipomaliza kula Kiogora akasimama, soda mkononi, akamshukuru Mungu kwa ajili ya kundi letu.

"Miaka kumi na saba, na tuko wote hapa," alisema. "Hakuna hata mmoja amekosa."

Wakapiga makofi. Mikono yangu ilikataa. Nilisimama nikaanza kuwahesabu kwa kidole, kwa sauti, mpaka nikafika nane. Nikawaambia kwamba wa tisa yuko kaburini, na huyo tunajua tulipomweka. Wa kumi yuko Makutano, mzima, nasi tumetoka kula katika sufuria yake. Ciakuthii akasema naharibu siku ya watu. Marete akanivuta nguo niketi, Marete yuleyule aliyefuatwa mtoni akikoroma. Nilimwambia atoe mkono wake. Nilipakua mabaki nikayatia kwenye beseni, nikaibeba sufuria na masizi yake, nikaondoka peke yangu.

Njia nzima nilijiona shujaa. Nilipanga jinsi nitakavyomsimulia Karwirwa, nani alisema nini na nilivyomjibu. Nilifika jua likiwa limeshaanza kushuka. Alikuwa ameketi barazani, amevaa lile gauni lake la maua la siku za Jumamosi, viatu vya kisigino miguuni na mkoba mapajani. Nikaanza kumweleza kwamba sherehe haikuwa ya kanisa.

"Najua," akasema. "Katibu wa akina mama ni mimi. Barua zote za kanisa naandika mimi."

Nikamwuliza kwa nini basi alinipa sufuria.

"Nilifikiri ukifika hapo kwa geti aibu itakushika, urudi uniambie, Mwalimu, vaa twende. Uliniambia ni saa nne. Nimekaa hapa tangu saa nne."

Aliipokea sufuria, akatazama ndani, akaenda nayo uani kuiosha. Nilimfuata nimsaidie. Akasema hapana, niende nyumbani kwa mume wangu.