Aliyevaa Sura ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi aliliandikia gazeti la kila wiki hadithi za kutisha. Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mumewe. Alimsimulia huku akishona vifungo, na mzee asipoacha kikombe kikining'inia hewani, hadithi ilifumuliwa kama pindo lililokwenda upande.

Mazimwi yenye meno hakuyataka. "Meno hata mbwa anayo," alisema. Zimwi lake lilikuwa lile linaloingia nyumbani likiwa limevaa sura ya mtu wenu. Wasomaji wake walijua namna ya kulitambua: mtu wa kweli husahau, bali lenyewe hujibu kila swali bila kukosea.

Kisha mumewe akapatwa na ugonjwa wa kusahau. Nilipokwenda kuwajulia hali, nilimkuta mzee amejifungia chumbani, hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Shangazi alikuwa mlangoni na bakuli la supu.

"Fungua, mume wangu."

"Mke wangu umempeleka wapi?"

"Si ndiye mimi!"

"Haya. Siku ya harusi nilivaa nini?"

"Suti ya kaka yako. Suruali ilikuwa fupi, ukashinda umeketi watu wasikucheke."

Nikashusha pumzi. Ndani, mzee akacheka kicheko kikavu.

"Hujakosea hata chembe. Ndivyo mlivyo."

Shangazi aliegemea ukuta. Hadithi ile aliishona mwenyewe kama nguo, na sasa ilikuwa inambana yeye.

"Mkumbushe jingine," nikamwambia.

"Kila nikimkumbusha, nazidi kuwa zimwi."

Akavuta mtandio hadi kwenye nyusi, akabisha hodi upya kwa sauti nyembamba isiyo yake.

"Hodi! Mimi jirani. Mkeo kanituma nikuletee chakula."

Komeo likalegea. Mzee alipokea bakuli, akanywa palepale wima, kwa pupa.

"Supu yake hii. Chumvi kiduchu, kama kawaida yake."

"Mbishi huyo, haambiliki," akasema shangazi.

"Jirani," mzee akanong'ona, akimshika mkono, "mwambie asirudi humu kwanza. Kuna kitu kimevaa sura yake. Kisije kikamdhuru."

"Nitamwambia."

"Na kesho uje wewe."

"Nitakuja."

Akaenda jikoni kuosha bakuli. Mtandio hakuushusha.