Diski ya Mama Haifutiki

Kuna sauti moja inayonirudisha Kalemie popote nilipo: krrii, halafu tak. Ni sauti ya mashine ya DVD ikitoa ulimi wake nje kupokea diski. Niliisikia tena juzi huku Kongolo, kwa fundi wa redio, mahali nilipofikishwa na hii miguu yangu ambayo, kama wasemavyo ndugu zangu, haijui kukaa. Niliacha shule mapema, nimezunguka sana, wala sijutii. Lakini sauti ile ilinisimamisha kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Papa, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na kilibaki kitu kimoja tu ambamo aliendelea kutembea na kucheka: kaseti nene ya video, iliyorekodiwa kwenye ndoa ya shangazi. Mle ndani Papa alicheza akiwa na sahani ya wali kichwani. Mama alikuwa amekivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti, maana kikishavunjika mashine hukataa kurekodi juu yake. Siku moja Mama akiwa sokoni akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, Papa Mudogo, yaani mdogo wake Papa, akabandika kipande cha karatasi pale penye tundu na kurekodi mechi. Jioni tuliketi kumtazama Papa, tukaona watu ishirini na wawili wakikimbilia mpira mmoja.

"Njo kazi ya kaseti," alisema Papa Mudogo, kwa ile "njo" yetu ya Kalemie ambayo wengine huita "ndiyo". "Inarudiliwa. Muntu amekufa, mpira uko muzima."

Mama hakulia. Alisema tu kwamba kaseti ni kama maji ya ziwa: mtumbwi unapita, hayabaki na kovu. Tangu siku hiyo akaanza kuweka kando faida ya ndagala ili anunue kamera yake mwenyewe. Tate, mama yake Papa, alikuwa anajiandaa kurudi kwao Pepa, kwenye ng'ombe na baridi, naye alikuwa na kicheko kilekile cha Papa, kile kinachoanzia puani. Kikishapanda mlima, kimekwenda.

Nilimsindikiza Mama dukani. Mlinuka sabuni, mawese na plastiki iliyopigwa na jua. Mwenye duka alileta vitu vyake kutoka Kigoma, vingi vikiwa vimeshatumika, na siku hiyo aliweka mezani kamera mbili. Ya kwanza ilikula kaseti ndogo kama kiberiti: bei nafuu, unarekodi saa nzima, ukikosea unarudi mwanzo. Ya pili ilikula diski ndogo, upana wa kiganja changu: nusu saa tu, na ukimaliza lazima ubonyeze kitufe cha kuifunga ndipo mashine nyingine iweze kuisoma. Fedha ya Mama ilitosha kununua kamera ya kaseti pamoja na kaseti za kujaza kikapu, au kamera ya diski na ile diski moja iliyokuwamo. Basi.

Kila aliyekuwa dukani akageuka mwalimu.

"Mama Feza, chukua ya kaseti," alisema mwenye duka, akimwita kwa jina langu. "Ukikosea, unafuta."

"Na diski inakwaruzika," akadakia mama mmoja aliyefuata chumvi. "Kwangu watoto wameifanya kioo cha kujitazamia."

Mama akauliza swali moja tu: "Hii diski, kwa mashine ya jirani inaingia?"

"Inaingia, lakini unachagua vibaya."

"Nilishachagua vibaya. Niliacha kaseti ndani ya nyumba na mupenda mpira."

Duka zima likacheka. Mimi niliona aibu, kisha nikaona fahari, kisha vyote viwili vikachanganyika.

Jumapili Tate aliketi uani na kitenge kipya. Alisimulia jinsi Papa alivyokuwa akiiba maziwa na kumsingizia paka, akacheka kile kicheko cha puani, na Mama nyuma ya kamera akauma mdomo. Hapo Papa Mudogo akaingia na majirani wawili. Tate akamnyooshea kidole.

"Na huyu njo alimufuta mutoto wangu. Nilimuona na macho yangu, analamba karatasi na kuibandika!"

Majirani wakaangua kicheko. Papa Mudogo akanyoosha mkono. "Mama Feza, futa pale. Ile maneno ya mwisho tu."

"Haifutiki."

"Kila kitu kinafutika!"

"Hii hapana. Njo maana niliinunua."

"Mimi njo mukubwa wa hii nyumba sasa!"

"Vizuri," alisema Mama. "Sasa uko mukubwa ndani ya diski pia."

Papa Mudogo hakuigusa diski ile kamwe. Mama aliitia katika kasha lake, na juu ya kasha akaandika kwa kalamu ya biki, herufi kubwa: HAIFUTIKI. Mimi niliyekuwa nasoma kila kitu, hata mifuko ya saruji, nilidhani ndilo jina la kiwanda. Tate akapanda Pepa, hakushuka tena. Komunyo yangu ya kwanza Mama hakuirekodi, ingawa kamera ilikuwa nzima, nami nilimnunia wiki nzima. Kamera iliuzwa baadaye. Diski imezunguka nami, imeviringishwa katika kitenge.

Huku Kongolo, nilipompa fundi diski aicheze, picha ilikatika hapa na pale, lakini kicheko kilitoka kizima. Kisha fundi akaitoa diski kwenye kompyuta yake kuukuu, akaigeuza kwenye mwanga, akaniambia:

"Mama, hii iko ya kufutika. Tazama herufi hizi mbili, R na W. Zile za kuandika mara moja hazina W. Nikufutie, nikuwekee miziki?"

Nililitazama kasha. Miaka yote hiyo sikuwa nimejiuliza: ni nani anayeandika "jiwe" juu ya jiwe? Kama Mama alijua siku ile uani kwamba inafutika, au alijua baadaye, sitapata kumwuliza. Lakini alipoandika, alijua. Na siku ya komunyo yangu, diski nyingine hakuwa nayo.

"Mama? Nifute?"

"Haifutiki," nikamwambia.

"Lakini mimi niko fundi, nakuambia..."

"Soma kasha."