Dakika Arobaini za Mvua

Tarehe 14 Machi 2019, mhadhiri mmoja wa malezi ya watoto, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alimaliza kusoma makala ya mia moja thelathini na saba kuhusu usingizi wa watoto wachanga. Jarida la chuo lilimpa hadi mwisho wa mwezi kuwasilisha makala ya mapitio: nani amesema nini, wapi wanakubaliana, wapi wanapishana. Bila makala hiyo, kamati ya kupandisha vyeo isingemtazama tena kwa miaka mitatu.

Husomea chumba cha nyuma cha maktaba, kiti kikiwa kimeegemea ukuta wenye joto la jua. Kila makala ina kadi yake. Ikifika saa nane mchana kadi huanza kuelea. Watoto wa kwenye majedwali hujigeuza, huvuta pumzi, hulala. Naye husinzia nao kidogo, kalamu mkononi, halafu huendelea pale alipoishia kama mtu aliyetoka chumba kimoja akaingia kingine.

Sentensi moja ilimpendeza kuliko zote: watoto wachanga hulala dakika arobaini zaidi mvua inaponyesha juu ya mabati. Makala kumi na mbili ziliirudia, na sehemu yote ya tatu ya makala yake iliitegemea. Wengine wangenukuu na kupita. Yeye hufuata kila rejea hadi ilikoanzia. Ya 2017 ilimpeleka kwenye ya 2011, ya 2011 kwenye ya 2006, na hiyo ikataja tasnifu ya uzamili ya mwaka 1998 kwa namba ya rafu tu, bila jina la mwandishi.

Mtunza maktaba, ambaye wanafunzi humwita Mzee Vumbi, aliileta ameishika kwa vidole viwili.

"Mwalimu, hii si yako?"

"Acha utani, kaka."

"Utani gani? Jina lako hili hapa. Watu mnaandika mnasahau, sisi tunabaki kuwafutia vumbi."

Ukurasa wa 83 alikuwa ameandika kwamba mwanawe wa kwanza hulala kama dakika arobaini zaidi siku za mvua, na kwamba huenda wengine nao wako hivyo. Ile "huenda" ilidondoka njiani. Alikaa na ukurasa ule wazi magotini. Akalisikia bati la chumba cha kupanga, beseni chini ya tundu, na pumzi ya mtoto ikienda polepole kuliko matone.

Jioni alimpigia simu mtoto huyo, binti ambaye sasa ni muuguzi.

"Kwa hiyo mama, mimi nimelala, wasomi wakaandika?"

"Tena ulikuwa unakoroma."

"Si uinyamazie tu? Nani atakwenda kufukua?"

"Mimi nimeshafukua, mwanangu."

Aliifuta sehemu ya tatu. Mahali pake aliweka aya moja: takwimu hii haina utafiti nyuma yake, imetoka kwa mtoto mmoja, aliyetazamwa na mama aliyechoka, ambaye ndiye mwandishi wa makala hii. Zikabaki kurasa kumi na moja. Jarida linataka kumi na tano.

Aliituma hivyo hivyo. Mhariri alijibu kwamba ameipenda, lakini isubiri toleo la Septemba ili kurasa nne zijazwe. Kamati inakaa tarehe 6 Mei. Jina lake halitakuwemo.