Kinanda Kilichoota Moto

Sisi tuliokulia upande wa Lubao wakati ule, asubuhi tulikuwa tunaamshwanga na ukungu. Unashuka kutoka msituni, unaingia mpaka jikoni, na ndani ya huo ukungu kuna gitaa la baba mdogo Muhanji. Wewe bado uko kwenye mkeka, nusu ndotoni, unasikia maji yanatiririka mahali hakuna mto. Ni yeye huyo.

Baba mdogo alikuwa amepiga jazi katika hoteli za Nairobi, akarudi na kisanduku cha vitufe alichokiita sinthesaiza. Anachomeka gitaa hapo, anaunganisha na betri ya trekta, anagusa uzi mmoja, na inatoka filimbi. Anageuza kitufe, inatoka kengele ya kanisa iliyozama majini. Tulikuwa tunaacha mapera mtini tukimbie kusikiliza. Mapera ya siku hizi hata hayana utamu, lakini hayo tuyaache. Alitaka kuchanganya jazi na isukuti, ngoma zetu, viwe kitu kimoja. Mimi niliishia darasa la nne, siwezi kueleza vizuri. Najua tu kwamba nilikuwa nasikia baridi tamu mgongoni.

Kuka, yaani babu, hakusikia baridi yoyote. Yeye ndiye alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa. Shangazi alipokaribia kuolewa, kuka akasema mbele ya watu: "Muhanji, siku ya arusi utapiga hiyo redio yako. Watu wakicheza, sawa. Wakikaa kukutazama tu, Jumatatu unaingia kwenye miwa na panga."

"Sawa, baba." Lakini niliona vile vidole vyake vyembamba vikijificha kwapani.

Siku ikafika. Ngoma zikawekwa kando ya moto kama kawaida, ngozi ikaze, sauti ichangamke. Kukhu, nyanya yetu, akaona kisanduku kimekaa peke yake kwenye baridi. Akakihurumia. Akakisogeza motoni pamoja na ngoma.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimekipasha, mwanangu. Kwani chenyewe si ngoma?"

Vitufe vilikuwa vimelainika kama peremende mfukoni. Filimbi imekufa, kengele imekufa. Ilibaki sauti moja, nzito, inayoyumba, kama fahali anayeota ndoto. Kuka akacheka mpaka akashika mbavu. "Panga nimeshanoa!"

Baba mdogo akapiga hivyo hivyo. Watu wakaacha kutafuna, tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi, wakatazama. Hakuna aliyeinuka. Mimi macho yalikuwa yananiwasha, nikasema ni moshi.

Ndipo kukhu akaweka mwiko chini, akaingia uwanjani peke yake na aproni yake yenye masizi. Akatikisa mabega, polepole, kama mtu anayeomba msamaha kwa mwili mzima. Baba mdogo akaacha mwendo wa hotelini, akayafuata yale mabega. Shangazi akaja na gauni lake jeupe, akina mama wakaja, vumbi likainuka kama ule ukungu wa asubuhi. Halafu chini ya ile sauti inayoyumba nikasikia ngoma kubwa ikiingia. Kuka, jasho linamtoka, akapaza sauti: "Basi! Miwa nitakata mwenyewe!"

Siku hizi mjukuu wangu Brayo anatengeneza muziki kwa laptopu, vitu viwili masikioni, anatingisha kichwa peke yake kama kuku anayekunywa maji. Hakuna anayecheza naye. Juzi nikamwambia anitafutie ile sauti ya baba mdogo. Akatafuta. Akanipa mvua, akanipa vioo, akanipa hata fahali mwenyewe.

"Kuka, hapa kuna sauti zote za dunia."

"Hiyo yangu haipo."

"Sasa nifanyeje?"

"Iweke kwanza motoni."

Akacheka sana, huyo mtoto. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kiberiti.