Felisiani wa Kituntu, aliyetuletea ngumi kutoka ng'ambo ya Mto Kagera

Tangu asubuhi nimeambiwa Felisiani amefariki, na akili bado inakataa. Juzi tu tulikaa kwake Kituntu, ananibishia kuhusu bondia aliyemwona kwenye simu ya binti yake.

Ninyi mnaonifuatilia mmezoea picha za migomba na kahawa yangu. Leo nivumilieni. Mjukuu wangu anaandika, mimi nasema, maana macho hayanisaidii tena.

Tulijuana miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Akiwa kijana alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi, kama vijana wengi wa Karagwe wakati ule. Wenzake walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na pua iliyopinda na glovu za ngumi.

Alikuwa amepigana Kampala, akafanya kazi ya reli Nairobi na kupigana huko pia, mwisho akafika Tanga kwenye mkonge. Baba yake alipokufa, akarudi kuangalia ng'ombe. Klabu yake ya Kampala ilikuwa bado inamtaka.

Jioni tulimzunguka na kumuuliza ni nchi gani yenye ngumi kali. Tulitaka kusikia nani anampiga nani.

Yeye alijibu vingine. "Uganda ngumi ina afya. Klabu ziko mitaani, zina walimu, na kijana anapigana mbele ya watu wanaomjua. Kenya kuna wakali, lakini wengi niliowaona mimi ni wa polisi na jeshi. Mtu akiacha kazi, ameacha na ngumi. Kwetu Tanganyika mchezo umebaki mijini, huko pwani. Tanga nilipewa watu ambao hawajafundishwa hata kukinga uso. Niliwapiga, nikaona haya."

"Na sisi huku?" nikauliza.

"Sisi hatuumwi wala hatujapona. Hatujazaliwa."

Basi akaanza. Alichimbia nguzo kwenye malisho ya baba yake, akazungushia kamba. Gunia la kahawa tulilijaza maganda, tukalining'iniza na kulipiga mpaka mikono ikavimba.

Tulikuwa wachache, kwa sababu mama zetu hawakutaka. Mama yangu alimfuata uwanjani. "Felisiani, huyu ndiye mwanangu wa kiume pekee. Ukimharibu, utanipa nini?"

"Nitamwangalia kama mdogo wangu, mama," alisema. Mama hakuridhika, ila aliniacha.

Kisha Felisiani akawaalika marafiki zake wa klabu moja ya Masaka, Uganda. Siku ile watu walikuja hata kutoka kijiji cha Rugu, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ililetwa kwa vibuyu. Mimi nilipangiwa kijana mrefu, mpole wa kuongea, mwenye mkono wa kushoto ambao sikuuona ukija.

Raundi ya kwanza nilijitahidi. Ya pili nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Nilipoinuka nilimwona kijana yule yuko wawili. Watu wetu wanaimba jina langu. Nikakunja ngumi nimfuate yule wa kulia.

Taulo likatua miguuni pangu. Felisiani alikuwa amelirusha kusimamisha pambano.

Watu walikasirika sana. Walimwita mwoga, wakasema ameiuza Karagwe kwa Waganda. Mmoja alimmwagia rubisi kifuani. Yeye alinishika kwapani, akanitoa pole pole kama mtu anayebeba mayai.

Nililia kwa hasira. "Ningeweza kumaliza," nikamwambia.

"Najua. Nimekutoa ungali unaweza kuniambia hivyo."

Tukiwa njiani akanisimulia habari za rafiki yake wa reli, Nairobi. Walikuwa wakilala chumba kimoja. Siku ya pambano Felisiani ndiye aliyesimama kwenye kona yake, taulo mkononi, na watu walikuwa wanapiga kelele kama hawa wetu. Aliona aibu kulirusha. Rafiki yake alimaliza pambano kwa miguu yake mwenyewe, lakini tangu siku ile alilishwa kwa kijiko, na hakumjua tena mtu.

Nyumbani alikaa mbele ya mama yangu akamweleza yote, shati likiwa bado limelowa. Mama alinipapasa uso, jicho hadi jicho.

"Wewe ndiye uliyesimamisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na walikutukana?"

"Walinitukana."

Mama akaingia jikoni, akamletea ndizi na maharage, akamwekea yeye kwanza.

Wiki iliyofuata akatokea mama mmoja wa Rugu na mwanawe. Akasema, "Nimesikia huku kuna mtu anayejua kusimamisha." Wakaja wengine, hata kutoka Kibingo. Wanawake walikaa kwenye majani kutazama watoto wao wakipigana, na wakipaza sauti kuliko sisi.

Hatukutoa bingwa hata mmoja. Nilimwambia hivyo juzi, nikimtania. Akacheka, akaniuliza, "Kuna aliyeumia akabaki hivyo?" Nikafikiri mmoja mmoja. Hakuna.

Felisiani, kesho tunakuzika. Wanao wameniambia nikae mbele na familia, nami sikukataa.

Asante kwa kunirudisha kwa mama yangu. Nimeoa, nimezaa, nimezeeka, na majina ya wajukuu zangu wote ninayajua.

Pumzika vizuri, kaka yangu.