Bonyeza, Hesabu Mpaka Tatu

Saa mbili asubuhi, darasa la pili, shule moja ya mtaa wa Kadutu. Watoto wamevua viatu, wale walio navyo. Kila mmoja ameushika mguu wa jirani yake na kuukandamiza kwa dole gumba.

"Un, deux, trois!" wanahesabu kwa Kifaransa, kisha wanaachia.

"Shimo ikibakia, munafanya nini?" anauliza mwalimu Adèle, miaka 41.

"Tunakuita, maman!"

Ni somo la lishe kwa watoto 58. Ukutani kuna picha za mayai, maziwa na nyama, na wengi wao huviona hapo tu. Kwao ni bugali na sombe, majani ya muhogo, mara moja kwa siku. Mwalimu naye, tangu vita vifike mjini na benki zifungwe, hajauona mshahara.

"Nafundisha kula mara tatu, mimi nakula mara moja," anasema, na kucheka kicheko kisicho na raha.

Mwaka jana alitazama mashavu, si miguu. Josué, miaka saba, alipojaa uso, Adèle alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Nilisema, 'Muangalie Josué, kwao banamupikia muzuri.' Tukamupigia makofi. Kumbe ilikuwa bwaki!"

Bwaki ni utapiamlo unaovimbisha mwili; ukiubonyeza, shimo hubaki. Nyumbani kwa Josué walisema ni karuho, sumu ya jirani. Mganga wa kienyeji akamtapisha siku nne. Alizikwa kabla ya Pasaka.

Mkono unainuka nyuma. "Maman, ya Fabiola inabakia."

Wawili watatu wanaanza kumpigia makofi aliyeliona shimo.

"Apana makofi!" anafoka Adèle. Amekwisha piga magoti.

Mama yake Fabiola anaitwa kutoka sokoni. Anafika na beseni la sambaza kichwani, samaki wadogo wa ziwani ambao mwanawe hawaonji. Ni wa kuuza. Anautazama mguu.

"Hii ni karuho, mwalimu. Kuko mama mumoja ananichukia."

Adèle habishani. Anakishika kidole cha mama na kukiweka juu ya mguu wa mtoto. "Uhesabu."

Mama anahesabu. Anatoa kidole. Shimo linabaki. Anaubonyeza na mguu wa pili mwenyewe.

"Twende kwanza kwa munganga wa centre de santé. Kama ni karuho, utanitukana kule kule," anasema Adèle.

Mama anatua beseni na kumfunga Fabiola mgongoni. Beseni analibeba mwalimu.

Njiani kwenda kwa daktari wa kituo cha afya, Adèle anasema Jumapili, baada ya misa, atamwomba padri dakika kumi, wazazi nao wavue viatu na kujifunza kubonyeza.

"Nitaanza na mama ya Josué," anasema. "Angali na batoto babili. Kama atakubali niguse miguu yabo."